Ilimba ndiyo mwenye nyumba: shajara ya mradi wa muziki, Bagamoyo

Januari, wiki ya 2

Kazi iliyokubaliwa ni ya dakika 18 na ina sehemu nne. Ala ni ilimba ya Kigogo (sanduku lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba), kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya taarabu), fidla mbili, viola, chelo, msondo na dumbaki, pamoja na waimbaji wanne. Mazoezi yanafanyika katika nyumba ya mawe ya matumbawe, upande wa pwani wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ugogo uko mbali na hapa, lakini ilimba ilishapata makao Bagamoyo zamani. Hukwe Zawose, bingwa wa ala hiyo aliyefariki 2003, aliishi na kufanya kazi katika mji huu, na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho leo ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kimelea wapigaji wengi. Ukimtafuta jioni hii mtu anayejua kuusogeza ulimi wa ilimba kwa nyundo, hapa utampata.

Kabla ya noti yoyote kuandikwa ilibidi iamuliwe nani atamfuata nani kwa kimo cha sauti. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na penye mila tatu, ya Kigogo, ya taarabu na ya Ulaya, kila mmoja ana sababu nzuri ya kuivuta. Kigezo kilichotumika ni kimoja: ala gani haiwezi kujongea katikati ya wimbo? Kidole cha mpiga fidla kinaweza kutua popote. Kanuni ina vyuma vidogo pembeni ambavyo vikiinuliwa hupandisha uzi robo toni. Koo la mwimbaji hujongea hata bila kuombwa. Ila ilimba, kila ulimi wa chuma una sauti moja, na kuibadilisha ni kazi ya nyundo. Kwa hiyo ilimba ndiyo mwenye nyumba, na wengine wote watapanga vitu vyao kwa kuufuata mpangilio wake.

Januari, wiki ya 3

Wagogo hawapangi sauti kwa hatua zinazolingana kama za kinanda. Ilimba hupangwa kwa kupanda harmoniki (sauti zenye mitetemo mara mbili, mara tatu na kuendelea) za sauti moja ya chini ambayo yenyewe haipigwi: ya 4, ya 5, ya 6 na kuendelea hadi ya 9 au ya 10. Ilimba iliyopo ilikuwa juu kidogo ya G, kama senti 50. (Nusu toni moja, yaani kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, ni senti 100.) Uamuzi ukawa kuishusha ala nzima hadi sauti ya chini isiyopigwa iwe mitetemo 49 kwa sekunde.

Sababu ya 49 inaonekana mara moja ukizidisha. Ndimi zinakuwa 196, 245, 294, 343, 392, 441 na 490. Fidla ikiwekwa A yake kwenye 441 badala ya 440, kisha D na G zikashushwa kwa tano safi (uwiano wa 3 kwa 2), D inakuwa 294 na G inakuwa 196. Nyuzi tatu kati ya nne za fidla tayari zimo ndani ya ilimba bila kumlazimisha mtu yeyote. E peke yake iko nje, na imekatazwa kupigwa wazi katika sehemu ya 1 na ya 4.

Ukilinganisha na kinanda: G na D zinakaa vizuri, D ikizidi kwa senti 2 tu. A inazidi kwa senti 4 ukihesabu kutoka kwenye G hiyo. B iko chini kwa senti 14, na sikio la mpiga fidla hulikubali hilo haraka. Kazi yote iko kwenye ulimi wa 7, yaani wa harmoniki ya 7. F ya kinanda ni 349 na ya ilimba ni 343, pungufu ya senti 31. Zikipigwa pamoja, sauti inatikisika mara 6 kwa sekunde, na kwa mtu asiyeijua ilimba husikika kama kosa. Kwa Mgogo kosa ni ile 349.

Januari, wiki ya 4

Kushusha ndimi. Ulimi wenye urefu wa sentimita 6 kutoka kwenye daraja hadi ncha hushuka senti 50 ukivutwa nje kwa milimita 0.9. Milimita 1 kamili ni kuzidisha. Kwa hiyo ulimi usigongwe moja kwa moja: weka kijiti cha mti mgumu kwenye ncha ya nyuma, gonga kijiti kwa nyundo nyepesi, pima, gonga tena. Sogeza ndimi zote nusu ya safari kwanza, kisha rudia mzunguko wa pili, kwa sababu kila ulimi unaposogea mkandamizo wa chuma cha kubania hubadilika na majirani wake huteleza.

Senti 5 hadi 10 za mwisho hazifanywi kwa nyundo. Ulimi uachwe juu kidogo, kisha donge la nta libandikwe chini ya ncha yake. Uzito huishusha sauti. Nta ya nyuki ikiwa peke yake ililainika saa nane mchana na ndimi mbili zikayumba. Mchanganyiko uliokaa ni sehemu 3 za nta kwa sehemu 1 ya ule ulimbo mkavu unaopakwa kwenye uta wa fidla, ukiyeyushwa kwenye kikopo kilichowekwa ndani ya maji ya moto. Usiweke kikopo juu ya moto wenyewe.

Tundu la sanduku limefunikwa kwa utando mweupe wa buibui, ule anaofunikia mayai. Ndio unaoipa ilimba mvumo wake wa nyuki. Lilitolewa pendekezo kwamba uondolewe ili ala "isikike safi" mbele ya fidla. Limekataliwa. Mvumo ule ni nusu ya sauti ya ilimba, na mtunzi anayeuondoa amebakiwa na vyuma juu ya sanduku.

Februari, wiki ya 1

Nyuzi za chelo ni C, G, D na A, na C haimo katika ngazi ya 49. Uzi huo umeshushwa nusu toni na kidogo hadi B ya mitetemo 61.25, ambayo ni oktavo mbili chini ya ulimi wa 5. Kodály, mtunzi wa Hungaria, alishawahi kushusha nyuzi mbili za chini za chelo katika sonata yake ya 1915, kwa hiyo wapigaji hawalioni jambo hili kuwa geni. Hasara yake ni kwamba uzi unalegea. Uta ukikandamizwa kama kawaida, uzi unachapa ubao. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye nota: uta mwepesi, karibu na daraja, na B hiyo isipigwe kwa nguvu.

Faida kubwa ya chelo imeonekana kwenye uzi wa G. Urefu wake ni kama sentimita 70. Kidole kikiugusa bila kuukandamiza, sentimita 10 kutoka kichwani, yaani moja ya saba ya urefu, unatoka mlio mwembamba wa mitetemo 686. Hiyo ni oktavo kamili juu ya ulimi wa 7 wa ilimba. Hakuna mashine inayohitajika, uzi wenyewe unaijua ile F. Tangu siku hiyo, fidla na viola zinapokea F yao kutoka kwa chelo kabla ya kila zoezi, na hakuna tena anayebishana kuhusu senti 31.

Kidokezo kwa anayejaribu: sehemu ya kugusa ni nyembamba. Kidole kikikosea kwa milimita chache mlio unakwama, na kikiteleza zaidi inatoka harmoniki ya 6. Uta uende karibu na daraja na uvutwe haraka.

Februari, wiki ya 3

Kanuni imefika kutoka Unguja, kwa boti hadi Dar es Salaam, kisha kilomita 70 hivi za barabara. Ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limesimama juu ya vipande vya ngozi ya samaki. Kuipatanisha kwa mara ya kwanza kunachukua karibu saa nzima, na dakika 20 baadaye inarudiwa, maana nyuzi zilizokazwa mwisho huibonyeza ngozi na kuzishusha zile zilizotangulia.

Hapa ndipo mila mbili zilipogongana kweli. Sehemu ya 2 ni rasti, mojawapo ya maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu), juu ya G. Rasti inataka B iliyo katikati, karibu senti 350 juu ya G, si kubwa wala si ndogo. Ilimba inataka B ya senti 386. Kwenye kanuni, uzi huo mmoja hutoa sauti hizi zote mbili: vyuma viwili vikiinuliwa ni B kamili, kimoja kikiwa juu ni B ya katikati. Ukiuweka uzi ili B kamili iafikiane na ilimba, B ya katikati inaangukia senti 336. Mpiga kanuni aliipiga mara moja tu, akasimamisha mkono: "Rasti gani hii, mwalimu? Imekaa chini mno." Ni kweli. Senti 14 ni kidogo kwenye karatasi, lakini kwa sikio lililokulia kwenye taarabu ni kama chumvi iliyosahaulika.

Suluhisho la kwanza, kusogeza vyuma vyenyewe, limeachwa. Vimepigiliwa misumari midogo na kuvihamisha ni kuiharibu ala ya mtu. Suluhisho lililokubaliwa linatumia ukweli kwamba kila oktavo ya kanuni ina nyuzi zake. Oktavo ya juu, yenye B ya 490, imewekwa kwa ajili ya ilimba. Oktavo ya chini yake imewekwa kwa ajili ya rasti. Kisha nota zimeandikwa upya ili taksimu, yaani kipande cha kanuni peke yake, isivuke mpaka huo. Takriban vipimo 26 vya nota vimebadilishwa, na kwa maoni yetu vimekuwa bora, kwa sababu taksimu iliyobanwa kwenye oktavo moja inalazimika kufanya kazi ya kweli ndani yake.

Sehemu ya 3 ni bayati, maqamu nyingine, juu ya D. F yake inatakiwa kuwa karibu 348, na ulimi wa 7 ni 343. Humo ulimi wa 7 umenyamazishwa kabisa, isipokuwa kwenye vipimo vinne vya mwisho: chelo inashika F ya bayati, inateleza polepole kuishukia ya ilimba, na inapofika tu, ilimba inaipokea. Safari nzima ni mitetemo 5. Ni mahali tunapopapenda kuliko pote katika kazi hii, maana msikilizaji anasikia mlango mmoja ukifungwa na mwingine ukifunguliwa bila noti kubadilishwa jina.

Machi, wiki ya 1

Kuhusu mifano ya waliotangulia, kwa sababu imeulizwa. Justinian Tamusuza wa Uganda aliandikia kundi la nyuzi kwa lugha ya muziki wa Kiganda, na Kronos Quartet walitoa rekodi yake 1992. Njia hiyo huuweka muziki wa nyumbani ndani ya mikono ya fidla, na ala za nyumbani zenyewe hazimo chumbani. Kevin Volans wa Afrika Kusini, 1982, alichukua njia nyingine: vinanda vya nyuzi vya Ulaya vilibadilishwa sauti ili viufuate mpangilio wa Kiafrika. Mradi huu uko karibu zaidi na huyo wa pili, ila hapa ilimba yenyewe iko mezani na itamsuta yeyote atakayedanganya.

Machi, wiki ya 2 na ya 3

Midundo ya sehemu ya 4. Msondo unashika mzunguko wa mapigo 12, yaani tatu tatu mara nne. Dumbaki inashika samai, mdundo wa Kiarabu wa mapigo 10: tatu, mbili, mbili, tatu. Zote zinatembea kwa mapigo 240 kwa dakika. Mizunguko hii inakutana kila baada ya mapigo 60, ambayo ni sekunde 15. Msondo umezunguka mara 5 na dumbaki mara 6. Mikutano minane inafanya dakika 2.

Siku nne mfululizo kundi lilivunjika mahali pale pale, na kila mara viola ndiyo iliyolaumiwa. Viola haikuwa na kosa. Baada ya mapigo 30, samai inaanza mzunguko wake wa nne, na wakati huo huo msondo unafika katikati ya mzunguko wake wa tatu, penye mkazo. Mkazo unaofuata, mapigo matatu mbele, unaangukia pamoja pia. Hivyo ndivyo mizunguko ilivyoanza mwanzoni kabisa. Sikio linaambiwa "tumefika" na bado ni nusu ya njia. Viola ndiyo iliyokuwa na noti ndefu pale, kwa hiyo ndiyo iliyodanganyika.

Dawa yake imetoka kwa mpiga msondo. Ile sauti nene ya katikati ya ngozi sasa inapigwa mwanzo wa kila mzunguko wa mapigo 12 tu. Mikazo mingine yote ni ya ukingoni. Baada ya mapigo 30 dumbaki inalia "dum" lakini msondo haujibu kwa unene, na kila mtu anajua bado safari. Kuhesabu kwa mdomo kumepigwa marufuku kwenye sehemu hii. Anayehesabu huchoka kwenye mkutano wa tano, anayeusikiliza msondo hachoki.

Machi, wiki ya 4

Waimbaji wanatoka kwenye kwaya na wanasoma sol-fa (do, re, mi). Kwenye karatasi yao ulimi wa 7 umeandikwa "ta", na hilo lilileta tabu, kwa kuwa "ta" waliyoizoea ni ya kinanda. Walikuwa juu kwa senti 31 kwa uaminifu kabisa. Kuwaambia "shusheni" hakukusaidia. Walishuka sana, wakarudi, wakapoteza imani. Kilichosaidia ni kukiondoa kinanda chumbani. Kwa siku tatu walipokea sauti kwa ilimba peke yake, wakishikilia G ya chini huku mmoja wao akipanda 6, 7, 8. Siku ya tatu "ta" ilikaa yenyewe. Ikikaa sawasawa, G ya chini husikika nene zaidi, na mwimbaji anaisikia tofauti hiyo kifuani kabla ya masikioni.

Nota ziko za aina nne: mistari mitano kwa nyuzi, mistari mitano yenye alama ya robo toni kwa kanuni, sol-fa kwa waimbaji, na tarakimu 4 hadi 10 kwa ilimba. Zote zimetolewa kwenye faili moja la MuseScore, programu ya kuandikia nota, ambamo kila B na F imepunguziwa senti zake ili sauti ya kompyuta isiwafundishe watu makosa. Kipimo kikiongezwa kwenye faili, karatasi zote nne zichapwe upya siku hiyo hiyo. Kipimo cha 88 kiliongezwa bila sol-fa kubadilishwa, na nusu ya zoezi ikapotea.

Aprili

Masika imeanza na karibu kila kitu kimelegea.

Msondo unakanzwa kwa moto wa makumbi, ngozi ikitazama moto kwa umbali wa kama hatua moja, na kugeuzwa geuzwa. Ukiukaribia zaidi ngozi inakakamaa na kupasuka ukingoni. Kwenye mvua unadumu dakika 25, kwa hiyo moto unawashwa tena kabla ya sehemu ya 4. Utando wa ilimba ulinyamaza kabisa na umebadilishwa mara mbili. Ngozi za kanuni zimezama na nyuzi zote zikashuka pamoja. Hilo halina dawa zaidi ya kuileta saa moja kabla na kuifunika kwa kanga kavu. Kosa kubwa ni kuilaza kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwani ikitoka humo na kuingia kwenye hewa ya pwani, ngozi inabadilika kwa saa nzima huku mtu akiendelea kukaza.

Vigingi vya fidla vinakwama. Chaki kidogo na sabuni ya mche kidogo kwenye kigingi, zungusha mara kadhaa, futa. Sabuni peke yake inateleza na chaki peke yake inakamata.

Chelo ilileta fumbo. Kulikuwa na mtetemo mkavu kwenye B ya chini, na kwa siku mbili ulidhaniwa ni mvumo wa ilimba unaoitikia. Ilimba ilipotolewa nje, mtetemo ukabaki. Mzunguko wa mwili wa chelo uligongwa kwa kifundo cha kidole, inchi kwa inchi. Pote palijibu "to", isipokuwa sentimita 9 upande wa chini kulia palipojibu "pwa". Gundi ya ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu na ubao wa mgongo umeachana na ubavu. Imesafishwa, ikatiwa gundi ya ngozi moto, ikabanwa kwa vibanio vitatu vilivyowekewa vipande vya kandambili ili visiumize rangi, na kuachwa saa 24. Gundi nyeupe ya seremala isitumike hata kama ndiyo iliyopo dukani. Siku nyingine ala ikitaka kufunguliwa itang'oka na mbao.

Mei, wiki ya 2

Kurekodi. Ilimba ni ala ya chumbani na fidla mbili zinaifunika bila juhudi. Katika sehemu ya 1 nyuzi zote zimewekewa kizuizi cha sauti kwenye daraja, na fidla ya pili imepunguzwa hadi kudonoa kwa kidole. Mikrofoni ya ilimba iko sentimita 25 juu ya ndimi, ikielekea kidogo pembeni mwa tundu. Ikilielekea tundu moja kwa moja, mvumo unameza noti.

Saa zinapangwa kwa bahari na adhana. Maji yakijaa, mawimbi yanaingia kwenye kila kimya, kwa hiyo kazi ni wakati wa maji kupwa, baada ya isha, bodaboda zikipungua. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na ratiba ya wiki imefuata hivyo. Siku mbili zimeachwa kabisa.

Mei, wiki ya 3

Mzunguko kamili umetoka dakika 17 na sekunde 40. Sehemu ya 4 imepita mikutano yote minane. Bado: kipimo cha 212 cha viola kinahitaji vidole vipya, na taksimu ya rasti inataka kipumuo kirefu zaidi kabla ya ilimba kurudi, kwa sababu sikio bado limo kwenye B ya katikati na ile ya 245 inaingia kama mgeni aliyewahi. Kimya cha sekunde 3 kinajaribiwa kesho, na cha 5 kikishindikana hicho.

Ulimi wa 7 umeonyesha ufa mdogo karibu na daraja. Wa akiba umefuliwa, umewekwa kwenye 343 kwa kuulinganisha na chelo, umeviringishwa kwa kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku la ilimba pamoja na donge la nta.